Viraka vya mkono wa kushoto

Sina sanamu ya kupimia nguo. Mafundi wa Kamembe wanazo, zile za plastiki zisizo na kichwa, zinazosimama mlangoni zimevaa gauni la harusi. Mimi nashonea nyumbani, Mururu, barazani kwa baba, na tangu nianze kushonea watu nilikuwa na Maman.

Maman alikuwa mpangaji wetu wa chumba cha uani. Alivuka mto Rusizi kutoka Kongo, kutoka uwanda wa ng'ambo, vita vilipofika kijijini kwake. Akaomba hifadhi hapa Rwanda, akawa anasubiri jibu. Kiswahili chake kilibaki cha kule: ndiyo kwake ni njo, watu ni bantu. Kila nilipokaribia kumaliza nguo ya mteja nilimwita, naye akaacha maharage yake jikoni, akaja kusimama juu ya mkeka, miguu mitupu, mikono ameitandaza.

"Weye fundi, siku moja utanichoma na ile pini nikufe. Na pasteri atasema nini? Alikufa ndani ya nguo ya bibi harusi, na hakuna mwenye alimuoa."

"Tulia, Maman."

"Niko natulia. Ni hii nguo njo inatetemeka. Ao ni mikono yako?"

Ilikuwa mikono yangu. Hakuna aliyenifundisha kushona. Nilijifunza kwa kufumua mitumba, kutandaza vipande sakafuni, na kuvishona upya nikifuata matundu ya sindano ya mtu nisiyemjua. Aliyejifunza hivyo haachi kuogopa. Hata leo nahisi waliofundishwa wanajua jambo ambalo mimi sijaambiwa, na kwamba mteja ataligundua akifika nyumbani. Ndiyo maana hufumua pindo ambalo hakuna atakayeliona, nikalirudia, nikalifumua tena. Maman alikuwa mtu pekee aliyeweza kuniambia "basi, imetosha" nikamsikiliza.

Habari ilitufikia kwa redio, mchana, baba akiwa anamenya viazi. Nchi zetu mbili zimekubaliana, redio ilisema, kila moja kuwarudisha wakimbizi wa mwenzake: wao wapokee wa kwao, sisi tupokee wa kwetu. Baba aliacha kisu. Dada yake alivukia Kongo akiwa msichana aliyeolewa karibuni, kabla mimi sijazaliwa, na akabaki huko, katika milima ambayo simu hushika siku moja na kukata siku nyingine. Baba alifungua mdomo kama mtu anayetaka kupiga vigelegele. Kisha akamwona Maman amekaa kwenye kizingiti cha chumba chake, ungo wa mchele mapajani, mikono imesimama. Akanyoosha mkono, akapunguza sauti ya redio. Hatukujua pa kuiweka furaha yetu, kwa sababu ua ni mmoja.

Siku chache baadaye Shangazi alipiga kwa simu ya kuazima. Amejiandikisha, atakuja. Baba akaniomba nimshonee gauni. Hakutaka dada yake apande mlima mbele ya majirani na nguo za njiani.

"Vipimo je?" nilimuuliza. "Mimi sijamwona hata siku moja."

Baba alifikiri, akaelekeza kidevu uani. "Alikuwa na mwili kama wa Maman. Mabega yale yale."

Basi Maman ndiye aliyesimama juu ya mkeka kwa ajili ya gauni la mtu anayekuja wakati yeye huenda akaondoka. Nilitamani kumwomba radhi, lakini yeye aliinua mikono kama kawaida.

"Nisimame muzuri, nisifanye dada ya Papa akuwe na kibiongo."

"Mabega yake yalikuwa juu kidogo zaidi," baba alisema akiwa kitini.

"Papa, haya ni mabega Mungu alinipa. Yenye iko juu zaidi unitafutie sokoni."

Tulicheka wote watatu. Bado nakisikia kile kicheko.

Jibu la Maman lilipotoka alirudi kutoka mjini, akawasha moto, akaweka sufuria, ndipo akasema. Ombi limekataliwa. Ataondoka na msafara wa kwanza.

"Banasema kwetu kumetulia."

"Na wewe unasemaje?" nilimuuliza.

"Dada yangu njo alinipigia. Naye anasema ni kweli, kumetulia." Akafunika sufuria. "Lakini alikuwa anasema na sauti ya chini chini."

Asubuhi iliyofuata baba alivaa koti lake la kanisani, akashuka ofisini Cyangugu kumwombea abaki. Alirudi saa za chakula, koti ameliweka begani.

"Nimewaambia ni mtu wa nyumbani kwangu," alisema. "Wakaniuliza kama ni ndugu yangu. Nikasema hapana." Alikaa. "Ningesema ndiyo, Maman?"

"Hapana, Papa. Ndugu yako iko kule, naye bako banamuleta. Usichanganye bantu."

Nilitaka nimshonee kitu naye. Nilikuwa na kikwembe, yaani kitenge, cha bluu ambacho mteja hakukifuata. Maman alikataa bila hata kukigusa. Akaingia chumbani, akatoka na kikwembe chake kizuri, cha njano na samaki wekundu, alichopewa na mama mkwe siku ya kuolewa. Alikuwa akikivaa Pasaka na Noeli tu.

"Hiki njo nitavaa mu gari," alisema. "Lakini utie viraka."

Nilikigeuza huku na huku. "Hakijachanika."

"Najua. Mwenye anashuka mu gari na kikwembe kizuri, batasema ametoka Rwanda na feza. Usiku banagonga. Unasikia? Kuacha siwezi, kuuza siwezi. Kifiche juu yangu."

Nilichukua mabaki ya kitambaa cha kahawia, nikakata kipande, nikakishona. Nilipomwonyesha aliguna.

"Hii ni muzuri sana. Utafikiri ni mufuko wa suti. Fumua."

Nikafumua, nikarudia kwa uzi mweusi, mishono mirefu. Alikisogeza karibu na macho yake.

"Fundi, umepima na futi?"

Nilikuwa nimepima. Sikuweza kujizuia. Nililia wakati ule, kwa hasira zaidi ya huzuni, na sikujua hasira ile nimpe nani. Miaka yote nilikuwa nikiogopa kushona vibaya, na sasa mtu nimpendaye ananiomba hicho tu, nami nashindwa.

"Shona kama mulevi," alisema kwa upole. "Shona kama hauniwazi."

Mwishowe nilihamishia sindano mkono wa kushoto. Uzi ulikwenda kombo, ukajikunja, ukaruka. Kiraka kilivimba upande mmoja. Nikaweka kingine juu ya samaki, na kingine karibu na pindo. Maman alikaa pembeni akivunja vijiti vya kuni, akinitazama, na nilipomaliza alijifunga kile kikwembe, akazunguka juu ya mkeka.

"Sasa basi," alisema. "Imetosha."

Siku ya safari tulimsindikiza hadi kituo cha kupokelea watu, chini ya mlima wetu, kwa sababu mabasi yaliyowapeleka wao ndiyo yangerudi na wetu. Alipanda la mbele, lenye kioo kilichopasuka na kuzibwa kwa karatasi ya gundi. Alikaa upande wa pili, sikumwona tena. Niliona tu kiraka changu kimoja alipokuwa akipanda ngazi, na nikafikiri, Mungu anisamehe, kwamba kona yake ilikuwa inaning'inia.

Tulingoja palepale. Jua lilipita upande wa ziwa. Mabasi yaliporudi nilitafuta kioo kile, nikakiona, na kwa muda nilijidanganya kwamba amerudishwa. Katika mlango ule ule akashuka mwanamke mdogo, mkavu, mabega yameporomoka. Baba alimtambua kwa jinsi alivyoshika kidevu.

"Ulikuwa mrefu," baba alimwambia akimkumbatia.

"Na wewe ulikuwa na nywele."

Walicheka, kisha wakalia. Nikatoa gauni. Shangazi alilivaa nyuma ya pazia la kituo, akatoka, na nilitamani ardhi ifunguke. Bega moja lilikuwa limeteleza hadi mkononi. Pindo lilikuwa linafagia vumbi. Nilikuwa nimemshonea msichana ambaye baba alimkumbuka, juu ya mwili wa mwanamke aliyeondoka asubuhi. Nilimwomba alivue nilipunguze.

"Acha," alisema. "Ni safi." Akakusanya kitambaa cha kiunoni kwa ngumi, akapanda mlima hadi nyumbani hivyo, huku majirani wakitoka na maziwa kumpokea.

Siku iliyofuata nilifua nguo alizokuja nazo. Kulikuwa na kikwembe kimoja cha rangi ya udongo chenye viraka vingi, uzi mnene, mishono ya ovyo. Nilipokigeuza ili nikikamue, upande wa ndani, chini ya kila kiraka, kitambaa kilikuwa kizima.

"Shangazi," nilimwita. "Hapa hapakuwa pamechanika."

Alikuwa akianika miguu yake juani kwenye kizingiti cha chumba cha uani, ambacho sasa ni chake.

"Nani alikuambia pamechanika? Njiani wanachukua vizuri vyote."

"Nani alikushonea?"

"Jirani yangu wa kule. Alinishonea tukicheka, mpaka akaanza kulia." Akanitazama. "Wewe si fundi? Nifumulie basi. Nimefika."

Nilikaa barazani na wembe wangu, nikafumua kiraka kimoja kimoja. Chini yake rangi haikuwa ya udongo. Ilikuwa kijani, na maua meupe, angavu kama ya dukani, mahali ambapo jua halikufika. Shangazi alisogea karibu, akaweka kidole juu ya ua moja, akaliangalia kwa muda mrefu.

Gauni lake bado liko msumarini. Baba ananikumbusha nilipunguze, nami namjibu kesho. Nikilipunguza sitakuwa tena na vipimo vya Maman mahali popote, kwa sababu sikuwahi kuviandika. Alikuwa akija kila nikimwita.

Nampigia simu asubuhi kabla ya kuwasha cherehani. Sauti ya kike inasema, kwa Kifaransa, kwamba nambari haipatikani. Namwaza amekaa mahali fulani kwenye uwanda ule, kikwembe kiunoni, samaki wekundu chini ya kahawia. Nilishona kwa mkono wa kushoto, mafundo mabaya, magumu, yaliyojikunja. Ni kazi kuyafumua. Sijui kama pale alipo kuna mtu aliyemwambia amefika, na kwamba sasa anaweza kuyatoa.