Tetea wa Mjomba na Paja la Mdogo Wangu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msianze kucheka mapema. Mimi sikusoma zaidi ya chuo cha Kurani, lakini niliyoyaona kwa macho yangu hakuna wa kunifundisha.

Mwingereza ndiye aliyekuwa na nchi, na sisi tulikaa Kariakoo, nyumba ya makuti nyuma ya soko. Mama alikuwa kesha kufa, nyumba naishika mimi. Mdogo wangu wa kiume alikuwa hamali kwenye maghala ya reli, Gerezani. Miguu yake ndiyo iliyotulisha. Na mjomba wetu, ndugu wa mama, alikuwa mganga wa mifupa.

Siku hizo mitaa ilishindana kwa ngoma ya beni, na mashindano yaliishia kwenye marungu. Jumamosi moja watu wa Ilala walikuja na tarumbeta zao mpaka kiwanjani kwetu, wakaimba matusi juu ya mama zetu, walio hai na walio kaburini. Mdogo wangu akampiga mpiga tarumbeta wao rungu la kichwa. Nilimwona yule mtu anakaa chini taratibu, kama aliyechoka, damu inamtoka sikioni. Kabla mdogo wangu hajageuka, mwingine akamtandika chuma cha paja. Lililia kama mti mkavu wa muhogo. Akaanguka, wayo umegeukia upande usio wake.

Askari waliwarusha wote wawili ndani ya gari moja, na hospitali ikawalaza vitanda vya kupakana.

Daktari Mzungu alimtoboa mpiga tarumbeta fuvu, akauinua mfupa uliokuwa umedidimia kwenye ubongo. Mtu akaishi. Mdogo wangu alifungwa kamba mguuni, kamba ikapita kwenye kigurudumu mwisho wa kitanda, ikaning'inizwa mfuko wa mchanga. Waliovunjika paja kama yeye, wengine walifungwa mchanga hivyo hivyo, wengine mbao tu. Nikamwuliza dresa aliyekuwa akiwaosha vidonda, mbona hivi?

"Dada, daktari anatafiti. Anataka kujua mguu wa nani utaunga bila kupungua, wa mchanga au wa mbao. Anawapima wote kwa futi, kama fundi cherehani."

Mjomba aliposikia alitema mate. "Mtu hapimwi kwa mchanga." Akamkamata tetea wangu uani, akamvunja mguu hivi hivi kwa mikono, kuku analia, akamfunga vijiti na dawa. Ndiyo desturi ya waganga wetu: kuku huvunjwa kwa ajili ya mgonjwa, na kuku akitembea, mgonjwa hufunguliwa.

Tetea hakukawia. Siku alipoanza kuparura kwa miguu yote miwili, mjomba alivaa kanzu akaenda hospitali. Nilimfuata na bakuli la uji, nikidhani anakwenda kumjulia hali mpwa wake. Kufika, akatoa kisu, akashika kamba.

Mpiga tarumbeta akainuka, kichwa kizima vitambaa. "Shikamoo, mzee. Usikate. Daktari kasema bado."

"Marahaba. Fuvu lenyewe lina tundu, akili imebaki humo?"

"Imebaki ya kunitosha kujua kwamba mtu si kuku."

"Nyamaza, Ilala!" mdogo wangu akamjibu. "Unaogopa nikisimama nitakumalizia. Kata, mjomba. Mizigo inaningoja."

Nikasema, "Mjomba, tumngoje dresa."

"Wewe angalia uji wako usipoe."

Akakata. Mfuko ukaanguka, puu. Mdogo wangu akashusha miguu, akasimama, akaninyoshea mkono apokee bakuli. Paja likapinda katikati, mahali pasipo na goti. Ule ukelele wake nausikia mpaka leo nikipita karibu na machinjio.

Walimpa dawa ya usingizi, wakauvuta mfupa upya, na hata usingizini alinguruma. Uliunga, lakini mfupi. Daktari akampima, akatikisa kichwa. Hakuweza kumhesabu tena, si upande wa mchanga, si upande wa mbao. Wenzake wa mchanga niliwaona wakitoka pale miguu sawa.

Alirudi nyumbani na magongo. Maghala hayakumtaka. Mjomba alikuwa amekaa barazani, tetea anadonoa karibu na miguu yake. Mdogo wangu hakumwamkia. Alimtwanga tetea kwa gongo mpaka manyoya yakalowa damu, kisha akaliinua gongo lile lile juu ya kichwa cha mjomba.

"Na wewe nikuvunje, tuone nani atatembea kwanza!"

Nikajitupa kati. Gongo likanishukia begani. Sikulia. Nilimpokonya, nikasimama mlangoni, nikawaambia:

"Mjomba, heshima yako iko pale pale. Lakini kuku wa nyumba hii havunjwi mguu tena, anachinjwa analiwa. Na wewe, gongo ni la kutembelea, na beni basi. Mgonjwa wa nyumba hii atafunguliwa na yule aliyemfunga, si mwingine. Sasa chukueni jembe mkaufukie huo mzoga, nyote wawili."