Nyingi au Nzima

Fundi simu wetu wa Rahaleo, kabla hajakujazia nyimbo kwenye flashi, hukuuliza, "Nyingi au nzima?" Sisi sote hujibu nyingi. Yeye hubinua mdomo, akayabana mafaili yakawa madogo, sauti hafifu zikipotea humo, kisha akarudi kwenye zake nzima: bendi moja ya Kijapani ya muziki wa metali, ambayo wimbo wake mmoja unakula nafasi ya taarabu za harusi nzima. Akisikiliza, vidole vyake vyenye makovu ya kuungua hutulia mezani, halafu ghafla huinua kimoja. Juzi nilishindwa kuvumilia.

"Fundi, kwani wanasema nini hao?"

"Kijapani sikijui."

"Sasa unasikiliza nini?"

Akanivisha hedifoni. Magitaa yalinguruma, yakanyamaza. Hapo akainua kidole. Nikamsikia mwimbaji akivuta pumzi, karibu kama tumeketi naye benchi moja, ndipo akapiga ukelele. Fundi akazichukua hedifoni, akanifungulia kwenye simu ujumbe wa sauti wa marehemu mkewe, Laurinda, akimsalimu kutoka Msimbati. Maneno yalisikika vizuri, ila sauti ilikuwa nyembamba.

"Huu ulikuja umebanwa," alisema. "Nimeurudia mpaka basi. Hapumui popote."