Mlango Uliogeuzwa Meza

Mgeni alishuka kituo kimoja mbele ya kile alichoelekezwa, akarudi kwa miguu huku begi likimpiga mgongoni, akiuliza kila duka la kona ilipo nyumba ya mpiga chapa. Alikuwa amezunguka nchi nyingi na kujua lugha za kutosha kupotea katika kila mojawapo. Mtaa huu hakuwahi kuukanyaga. Kwenye geti la bati mtu alikuwa ameandika kwa rangi: TUNACHAPA BARUA, WOSIA, TASNIFU. Ndani kulisikika vidole vikigonga kwa kasi kama mvua juu ya paa. Akabisha. Mvua haikukatika.

"Sukuma, halijafungwa!" mwanamke akaitikia. "Ukingoja nije nikufungulie utaota mizizi."

Chumba cha mbele kilikuwa na kiti kimoja tu, nacho kilikuwa kimegeuziwa ukutani. Mwenye nyumba, mama wa miaka hamsini na kitu, alikuwa amesimama mbele ya ubao wa kupigia pasi, kompyuta juu yake, na ubao ukitetemeka kwa kila neno.

"Wewe ndiye mpangaji wa miezi miwili? Karibu, chumba chako ni cha nyuma. Ila huo ubao usiuguse, mgeni wangu. Ukianguka huo, nimeanguka mimi."

Mgeni akacheka, akidhani ni utani.

Haukuwa utani. Kwa miaka ishirini na minane mpiga chapa alikuwa amekalia kiti kile akiandika maneno ya watu wengine. Mwanzoni mwa mwaka maumivu yakamwingia kiunoni, yakashuka tako la kulia, yakapita nyuma ya paja kama waya wa moto, yakatua kwenye kidole gumba cha mguu. Akikaa dakika kumi, jasho jembamba linamtoka. Akisimama, anapumua. Basi akakigeuza kiti kitazame ukuta, akasimama.

Daktari alimwonyesha picha. Kati ya pingili za mgongo, kipande kimoja kilikuwa kimetoka mahali pake na kubana mshipa wa fahamu. Akamwandikia barua ya hospitali kubwa, kwamba apasuliwe. "Maumivu peke yake yanaweza kusubiri siku yako ya upasuaji," alisema. "Lakini ukiona mguu unakufa ganzi, au unaanza kuuburura, usihesabu siku. Nenda na barua hii saa hiyo hiyo."

"Ndiyo, daktari," alijibu. Akaikunja barua mara nne, akarudi nayo nyumbani, asimwambie mtu. Wanawe wawili, kila mmoja na mji wake wa mbali, waliambiwa kwenye simu kuwa ni uzee tu.

Hospitali hiyo ndiyo iliyompokea dada yake mkubwa miaka tisa nyuma, kwa mgongo wa namna hiyo hiyo. Dada aliingia analalamika, akatoka amebebwa, miguu yote miwili imekufa, na hakukanyaga ardhi tena hadi siku alipozikwa. Kisu kimemla miguu: hivyo ndivyo ukoo ulivyosema, na mpiga chapa aliamini kama anavyoamini kuwa moto unaunguza. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla hajatoka kitandani, aliviita vidole vya mguu wa kulia kimoja kimoja, kama mwalimu anayeita majina darasani. Vikiitika vyote, anaamka. Siku aliyofika mgeni, kile kidogo cha mwisho kilichelewa kuitika.

Jumamosi yake akaja shemeji, mume wa marehemu dada, fundi seremala ambaye hakuoa tena. Alikuja na mlango kichwani.

"Shemeji, nimekuletea mlango."

"Wa kuingilia au wa kutokea?"

"Wa kuandikia. Mtu mzima utachapaje juu ya ubao wa pasi? Siku moja utaunyoosha wosia wa watu badala ya kuuchapa."

Ulikuwa mlango wa plaiwudi, mtupu ndani, uliong'olewa kwenye nyumba iliyovunjwa. Shemeji aliuparaza kwa msasa mpaka rangi ya zamani ikatoka kama unga. Miguu minne aliikata kwenye mbao zilizobaki kazini kwake. Kilichonunuliwa ni skrubu na chupa ya gundi.

Mgeni akatoka chumbani kushangaa. "Nimeona ofisi moja huko nilikopita," akasema, "wote wanafanya kazi wamesimama. Meza zao zinapanda na kushuka kwa umeme."

"Hapa umeme wenyewe ndio unaopanda na kushuka," shemeji akamjibu. "Walipimaje urefu?"

"Mtu anasimama wima, anakunja mkono. Meza inafika chini kidogo ya kiwiko."

Mpiga chapa akasimama kwenye mwimo wa mlango, viatu amevua. Shemeji akachora mstari kwa penseli chini ya kiwiko cha kushoto. Akamgeuza, akachora cha kulia. Penseli ikasita. Akaitazama mistari miwili kwa muda, akairudisha penseli nyuma ya sikio.

"Vipi?" akaulizwa.

"Sawa tu. Tutachukua ya kushoto."

Kabla ya adhuhuri meza ilikuwa imesimama. Mbao mbili zilikatiza miguuni nyuma ili isiyumbe, tundu la kitasa likawa njia ya nyaya, na kreti ya soda ikainua skrini hadi usawa wa macho. Chini shemeji akaweka tofali lililovikwa gunia, la kupumzishia mguu mmoja, kisha wa pili. Mpiga chapa akaigonga kwa ngumi. Haikutetemeka. Siku hiyo alichapa kurasa thelathini na kuimba. Meza hii ndiyo itakayoniponya, alijiambia. Alipobaki peke yake akaichukua ile barua ya daktari na kuisukuma ndani ya tundu la kitasa. Mlango ukaimeza.

Zikapita wiki mbili nzuri. Ya tatu, meza ikaanza ukaidi.

"Shemeji, meza yako inainuka upande wa kulia," alimlalamikia kwenye simu.

"Meza haikui. Ule mti ulishakufa."

"Basi njoo uuzike vizuri, maana unanichoma kifundo cha mkono."

Shemeji alikuja. Aliitazama meza, akamtazama na yeye, kisha akapiga magoti, akaipunguza miguu ya kulia kwa unene wa kidole. Mpiga chapa akasimama, akaona raha. Wiki iliyofuata upande ule ule ukainuka tena, na shemeji akakata tena. Kalamu zikaanza kubingiria kutoka kushoto kwenda kulia na kuanguka. Mpiga chapa akapigilia kijiti ukingoni ili kizizuie.

"Sakafu hii ilimwagwa na mlevi," alimwambia mgeni, ingawa mgeni hakuuliza.

Kisha ikaja siku ya ndara. Alikwenda duka la kona kununua karatasi, akarudi, akasimama mezani akaendelea na kazi. Mgeni akaingia nyuma yake ameshika ndara moja, ya mguu wa kulia.

"Mama, umeidondosha hii."

"Wapi?"

"Pale dukani."

Toka dukani hadi getini kulikuwa na hatua zaidi ya mia. Mpiga chapa akainama taratibu kuutazama mguu wake. Ulikuwa na vumbi, na unyayoni palikuwa na mchaniko, damu imeshaanza kukauka na kipande cha kioo bado kiko ndani. Hakuwa amesikia kitu. Kicheko kikamtoka chenyewe.

"Ndara za siku hizi," akasema. "Hazina hata heshima ya kuaga."

Bafuni alikitoa kioo, akafungua maji. Mguu wa kushoto ukaruka kwa baridi. Wa kulia alikuwa kama anamwoshea mtu mwingine. Asubuhi iliyofuata aliviita vidole. Vitatu havikuitika. Akaviita tena, kwa sauti, kama kwamba tatizo ni usikivu. Halafu akaamka, akauburura mguu hadi mezani, na kumpigia simu shemeji: meza imeinuka tena, njoo na msumeno.

Shemeji alifika na msumeno wake. Mgeni, kwa kutaka kusaidia, akamletea fundi bilauri ya maji na kuitua katikati ya meza.

Wote watatu wakaiona. Bilauri ilikuwa imeegemea kulia pamoja na meza, lakini maji ndani yake yalikataa kuifuata. Upande mmoja yalikaribia mdomo, upande wa pili yalikuwa yameshuka unene wa sarafu. Maji hayajui kumwogopa mtu.

Mpiga chapa alikuwa amesimama hapo, na machoni mwake meza ilikuwa bado imeinuka.

"Pimamaji yako iko wapi?" akauliza polepole.

"Nyumbani."

"Fundi gani anakuja kukata miguu ya meza bila pimamaji?"

"Fundi mwoga, shemeji." Akauweka msumeno chini. "Siku ya kwanza nilipokupima pale mlangoni, kiwiko cha kulia kilikuwa chini ya mwenzake. Nikajidanganya umechoka. Mwili unaopinda hivyo nilishauona. Wa dada yako."

"Dada aliliwa miguu na kisu."

"Kisu kiliikuta imeshakufa." Hakumtazama; alikuwa akiyatazama maji. "Tulikawia miezi minne. Alipoanza kudondosha ndara nilimtengenezea kitanda cha ubao. Alipoanza kuburura mguu nikamchongea mkongojo. Kila alipozidi, mimi natengeneza kitu. Yeye anasema kawia ufike, mimi naitikia, kwa sababu nami naogopa. Tulipomfikisha, daktari aliniuliza swali moja tu: mlikuwa wapi? Nikarudi nikawaacha watu wakilaumu kisu. Kisu hakina mdomo wa kujitetea."

Mpiga chapa alitamani kumpiga na kreti. Miaka tisa alikuwa ameiogopa hospitali ambayo haikuwa na kosa, na mwenye kosa alikuwa anakuja kila Jumamosi kunywa chai yake. Lakini hasira ilihitaji miguu ya kusimamia, na mguu mmoja ulikuwa unamwacha. Akatazama chini, kwenye vumbi la mbao ambalo hakuwa amelifagia tangu wiki iliyopita. Kila kipande kilichokatwa kilikuwa wiki moja aliyokawia. Hofu ya hospitali haikuondoka. Ila sasa alikuwa anaiogopa meza zaidi.

"Kuna barua," akasema.

"Iko wapi?"

"Ndani ya meza."

Shemeji akashika kichwa. Kisha akanyoosha waya wa kutundikia nguo na kuuingiza kwenye tundu la kitasa, mgeni akimulika kwa simu. Wakavua kama wavuvi wa shimo la choo, wakatoa kwanza mfuniko wa kalamu, halafu utando wa buibui, na mwisho karatasi iliyokunjwa mara nne. Mgeni akaenda barabarani kutafuta teksi.

Mpiga chapa alifunga kanga mbili na mswaki kwenye mfuko.

"Niirudishie urefu wake?" shemeji akauliza, mkono juu ya meza.

"Iache ilivyo. Nikirudi nikasimama hapo nikaiona imepinda, nitajua mimi nimenyooka."

"Na usipoiona?"

Mpiga chapa akamshika bega na wakatoka, mguu wa kulia ukiandika mstari mmoja mrefu kwenye vumbi la ua. Kwenye geti la bati akasimama, akamgeukia mgeni. Macho aliyaweka usoni kwake, hakuthubutu kuyashusha.

"Hebu nitazamie chini, mgeni wangu. Nimevaa ndara zote mbili?"

Mgeni akatazama.

"Zote mbili, mama."

"Haya. Wakija wateja waambie waache karatasi zao."

Mlango wa teksi ukafungwa. Mgeni alibaki getini mpaka gari lilipokata kona, akarudi ndani, akasimama mbele ya meza. Kalamu ilikuwa imelala kwenye kijiti chake. Akaipandisha hadi upande wa kushoto, akaiachia. Ikabingiria ikarudi pale pale.