Nilimwita Mke Mwenzangu Mtumishi

Kosa ni langu, na sitafuti wa kunipunguzia. Mnidharau mkipenda. Mimi mwenyewe najidharau.

Tulikuwa wake wawili wa mume mmoja kisiwani Kudha, kaskazini ya mpaka wa Kenya. Mimi mkubwa, Esha mdogo, katoka kisiwa jirani cha Chovai. Nilimwona mshamba tu: akicheka nyumba ya tatu wanamsikia, chai anaifyonza kwa kelele. Vita vilipofika, mume wetu aliuawa mbele ya macho yangu. Mimi na Esha tukakimbilia Kenya, tukapewa hema moja kambini.

Huko akili ikanitoka. Sili, sisemi. Sufuria ikianguka, nakimbia nje nikipiga mayowe. Esha ananifuata, ananishika mkono, ananirudisha, ananiosha, ananilisha uji. Kisha ananisimulia habari za kwetu mpaka nitulie. Siku moja nikamuuliza kwa nini hachoki.

“Mume hayupo,” akasema. “Wewe ndiye mchu wangu, mtu wangu, aliyebaki.”

Taratibu nikarudi kuwa mtu. Tukahamia Mombasa kwa kaka yangu. Na mimi, fedhuli mkubwa, nikaanza kujipendekeza kwa majirani, mabibi wa dhahabu mikononi na umbea mdomoni. Mmoja akauliza yule mwanamke ni nani. Nikaona haya kumtaja aliyeniosha nikiwa nimejichafua.

Nikajibu, “Mtumishi wangu.”

Esha alikuwa mlangoni na sinia la chai. Akaingia, akatumiminia sote, mimi wa mwisho. Asubuhi alimuaga kaka, akaenda kwa jamaa zake Malindi. Mimi hakuniaga.

Haukupita muda, mayowe yakarudi. Wale mabibi wakasema nina majini, wakaacha kuja hata kuomba chumvi. Marafiki gani wale! Daktari alinipa dawa, zikanisaidia kulala. Kisha akaniuliza nyumbani nazungumza na nani mayowe yanaponijia. Sikuwa na jina la kumtajia.

Nikamfuata Esha Malindi. Alinipokea, akanilisha. Nikamwomba radhi, nikamsihi turudi pamoja.

“Nimekusamehe, dada,” akasema. “Lakini kule ulikoniita mtumishi, sirudi.”

Basi wewe unayesoma, kama unaye anayekushika mkono akili ikiyumba, mtaje mbele za watu, tena kwa heshima yake. Usimwonee haya kwa kicheko chake. Mimi siku hizi nikipiga mayowe, kaka yangu hugonga ukuta ninyamaze.