Mshono wa Wangare

Wangare hakuweza kuvumilia kuona ukingo wa kitambaa ukitoa nyuzi. Ilikuwa kama ugonjwa. Ukienda kwake kuomba chumvi, na pindo la leso yako limefumuka, angekukalisha kwenye kigoda alishone kwanza, chumvi baadaye. Na kwa sababu alishika sindano kwa mkono wa kushoto, mishono yake yote ililala upande wake wa peke yake, kama mahindi yaliyopigwa na upepo.

Wenzake wa kushona walikuwa wawili. Wachuka alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta katika kambi ya wafanyakazi, kwenye shamba la pareto la mzungu mmoja huko juu ya Elburgon. Chepchirchir alikuwa mke wa mkamuaji ng'ombe wa mzungu huyo huyo. Jumapili baada ya ibada walikaa nyuma ya nyumba wakipokezana kitambaa kimoja cha meza, kilichokatwa kwenye mfuko wa unga uliofuliwa mpaka maandishi yakatoka. Chepchirchir alijaza maua katikati. Wangare na Wachuka walishona mapindo. Wachuka alikuja hajui hata kutunga uzi, akamwiga Wangare mpaka na yeye, mtu wa mkono wa kulia, akawa analaza mishono upande ule ule.

"Nyinyi mnashona kinyumenyume," Chepchirchir aliwatania. "Hicho kitambaa kitapotea njia."

"Na hayo ni maua au ni viazi?" Wachuka akamjibu, wakacheka mpaka mtoto akaamka.

Hakukuwa na faida yoyote ndani yake. Ilikuwa raha tu, na raha haikuwa nyingi kambini.

Basi ikaja Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Kufikia mwaka wa hamsini na nne, Wakikuyu wa mashambani walikuwa wakikusanywa na kuchujwa: nani amekula kiapo cha wapiganaji wa msituni, nani hajala. Upuuzi mtupu! Karibu kila mwanamume wa kambi alikuwa amekula. Kinyanjui, mume wa Wangare, mpasua mbao, alikula. Mburu, mume wa Wachuka, alikula naye usiku ule ule. Wangare alilijua hilo, na aliogopa kunyang'anywa mume.

Mburu ndiye aliyechukuliwa kwanza. Wachuka alilia, na Wangare akawalisha watoto wake pamoja na wa kwake. "Atarudi," alimwambia. Wachuka aliruhusiwa kumpelekea chakula kituoni, lakini kila akirudi alijifungia ndani. Jumapili hakuja kushona. Alisema kichwa kinamuuma.

Wiki hiyo askari waliwapanga wanaume kwenye uwanja wa kiwanda cha mbao, wanawake wakakalishwa nyasini kando yao. Kwenye gari akateremshwa mtu aliyefunikwa gunia kutoka kichwani hadi magotini, lenye matundu mawili ya macho. Alipita mbele ya kila mmoja. Akitikisa kichwa kukubali, huyo aliingizwa kwenye lori la kizuizini.

Alipofika karibu, Wangare aliyaona yale matundu. Yalikuwa yamekunjwa pindo. Woi! Nani duniani anakunja pindo la tundu la gunia? Ni mtu anayejali macho yaliyo nyuma yake. Na mishono yote ililala upande wa Wangare, ule aliouiga Wachuka peke yake.

Angeweza kupaza sauti, "Ni Mburu huyo!" Waliokuwa msituni wangesikia kabla ya jua kutua, na Mburu asingemaliza wiki, na wale watoto aliowalisha asubuhi ile wangekuwa yatima. Tena akajipa moyo: Mburu amekula kwangu mara ngapi? Atamruka Kinyanjui. Akafunga mdomo.

Gunia lilisimama mbele ya Kinyanjui muda mrefu. Kisha likatikisa kichwa.

Kinyanjui alimtafuta mkewe kwa macho mpaka lori likageuka kona.

Jioni Wachuka alikuja na kile kitambaa, maana ilikuwa zamu ya Wangare kukishona.

"Yale matundu umeyashona vizuri," Wangare akamwambia.

Wachuka aliketi chini pale pale mlangoni. "Walimwambia ni yeye au ni wengine. Na lile gunia lilimchoma macho, Wangare. Yalivimba. Ningefanya nini?"

"Nimesikia. Nenda nyumbani."

Alikipokea kitambaa akafunga mlango. Baadaye Wachuka na watoto walihamishwa kwa gari la serikali, na hakuna aliyeuliza walikopelekwa.

Habari za Kinyanjui zilikuja mwaka uliofuata, kwa mdomo wa mtu aliyeachiliwa: alifia kizuizini, akazikwa huko huko. Wangare hakulia. Alikitoa kitambaa, akachukua wembe, akakaa mlangoni penye mwanga ili aufumue kila mshono wa Wachuka, asibakize hata mmoja.

Chepchirchir alimkuta amekaa hivyo, kitambaa kizima magotini, wembe haujagusa uzi.

"Mishono yake ni ipi?" Chepchirchir akamuuliza.

Wangare alikigeuza mbele, akakigeuza nyuma. Mishono yote ya pindo ililala upande mmoja.

"Sijui," akasema, na hapo ndipo alipolia.