Tuta la Viroba

Waliokausha mpunga wangu ni wawili, na wote wako hai. Wa kwanza ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Wa pili ni mwenyekiti wa mfereji, aliyesimama pembeni akitazama, mkono mfukoni. Majina siandiki. Kijiji kinawajua, nao wanajijua.

Mfereji wetu unatoka bwawani, unakatiza ile njia ya zamani ya wapagazi, kisha unagawa maji jaruba kwa jaruba. Langu ndilo la mwisho, chini kabisa, karibu na kijito. Mwaka ule wa ukame mpunga wangu ulikuwa umeshabeba mimba. Asubuhi moja nikakuta mfereji mkavu. Nikaufuata kwenda juu hadi kwa shemeji, jaruba linalopakana na langu: ameuziba kwa viroba vya mbolea ya tumbaku alivyojaza mchanga, maji yote yanaingia kwake. Nilimwomba anipitishie hata kidogo. Nilipiga magoti, na nasema hivyo waziwazi, maana aibu ni yao.

"Maji ni ya aliye juu, shemeji," akaniambia. "Ukichoka, niachie jaruba nilime mimi."

Mwenyekiti akacheka. Mpunga ukafa na mimba yake.

Nikaenda mjini, Isevya, kufua na kupiga pasi nguo za watu. Shule niliishia darasa la nne, kazi nyingine ningeitoa wapi? Siku moja napiga pasi kwenye nyumba moja, runinga ikaonyesha jangwa la huko Amerika na mifereji waliyochimba watu wa kale kwa vijiti na mawe, mirefu, wetu si kitu. Walilima mahindi na pamba mahali ambapo hata mbuzi angekufa. Mama mwenye nyumba ndiye aliyenitafsiria. Nikamuuliza, sasa wako wapi? Akasema wajukuu zao wapo, ila mashamba mengi yaliachwa. Wengine wanasema mafuriko yalivunja mifereji, wengine wanasema chumvi. Maji yakiingia shambani yakakosa pa kutokea, jua linayanywa, chumvi inabaki kwenye udongo.

Shati la baba mwenye nyumba likaungulia mikononi mwangu. Nilikuwa nawaza maji ya shemeji, yakishaingia kwake, yanatokea wapi. Yanatokea kwangu.

Nikarudi kabla ya masika. Vile viroba walikuwa wamevitupa kando ya mfereji, hata haya ya kuvificha hawakuwa nayo. Nikaviburuta kimoja kimoja, nikajenga tuta kwenye mpaka wangu wa juu, nikalishindilia udongo. Chini yake nikapanda viazi vitamu, visivyoomba maji ya mtu. Mwenyekiti akanishtaki kwa wazee kwamba navunja utaratibu. Nikawauliza mwaka ule utaratibu ulisafiri kwenda wapi. Jaruba ni langu, hilo hawakuweza kulikana.

Misimu kadhaa imepita, na sasa mpunga wa shemeji umekuwa njano, na kiangazi ardhi yake inatoa weupe kama jivu. Ng'ombe wa watu wanakuja kuilamba. Mimi nakaa kibarazani natazama, na chai yangu inakuwa tamu.

Juzi alikuja mwenyewe. Akaanza na salamu ya asubuhi, mwangaluka, kwa kilugha cha nyumbani, kama vile sote tumeamka vizuri. Akaomba nifungue upenyo tu, wa upana wa jembe, maana watoto watakula nini. Watoto hao wananiita mama mkubwa. Alijua hapo amenipata.

"Wakiona njaa, waje wale viazi," nikamwambia. "Kwangu hawafukuzwi. Maji sifungui."

Akapanda juu ya tuta, akalitazama. Mvua ilikuwa imeosha udongo, maandishi ya mbolea yanaonekana.

"Hivi viroba ni vyangu," akasema.

"Ni vyako, shemeji. Nimekurudishia."

Akashuka upande wake, kwenye tope. Nikachukua jembe, nikaongeza udongo pale alipokanyaga.