Jina Mkononi mwa Poda

Hadithi hii hutaiamini, na sikulaumu. Mimi nilikuwepo, na bado kuna siku naamka nikidhani nimejidanganya mwenyewe. Lakini mkono upo, mwenye mkono yupo, na wanaonijua watakwambia kwamba mimi si mtu wa kuongeza chumvi. Naitia tu pale mchuzi unapopwaya.

Mwenye mkono ni mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa. Mtaani wanamwita Poda. Anapamba maharusi katika chumba kimoja chenye kioo kirefu, viti viwili vya kuzunguka, na pazia la kugawia pale wateja wanapobadilishia nguo. Kovu la moto, weusi chini ya macho, alama ya vidole iliyobaki shavuni: mpelekee saa mbili asubuhi, ikifika saa nne hakuna aliyewahi kuumia. Nyusi ndizo zilizompa umaarufu. Ana kimashine cha sindano, anazichora kwa wino, unywele mmoja mmoja, zisifutike kwa maji wala kwa machozi.

Yeye mwenyewe alikuwa na maandishi ndani ya mkono wa kushoto, kutoka kwenye kiwiko kushuka. Jina la mumewe, herufi saba. Mume alikuwa dereva wa malori, na ndiye aliyempeleka kuchorwa wiki ya kwanza ya ndoa, akakaa pembeni akitafuna njiti ya kiberiti mpaka herufi ya mwisho. Jina silitaji humu. Limeshapata nafasi ya kutosha. Kila aliporudi safari na hasira zake, Dereva aliushika mkono ule, akaugeuza, akasema, "Soma." Poda anasoma. "Kwa sauti." Anasoma kwa sauti. Kipigo kinafuata. Mimba ya miezi sita iliharibika palepale kwenye sakafu ya jikoni, na ndipo Dereva akafungwa miaka mitano.

Mwaka wa nne ikaja barua kutoka gerezani, mistari miwili. *Mwakani mwezi wa nne natoka. Unitunzie jina langu.*

Poda aliisoma amesimama. Akaikunja, akaisukumia chini ya boksi la brashi, akamaliza nyusi za mteja. Mteja alipotoka akaniambia, "Mjomba, nisindikize kwa daktari wa ngozi. Akitoka, asikute cha kunisomesha."

Daktari alikuwa mama mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Aliuchukua mkono akaupapasa kama mtu anayenunua kitambaa.

"Wino umekaa chini ya ngozi kama mawe," alisema. "Mwili wako unataka kuyabeba tangu siku ile, lakini ni mazito. Huu mwanga wa leza unayapasua yawe mchanga, halafu mwili unachukua kidogo kidogo. Mimi napasua tu, mbebaji ni wewe. Ndiyo maana kila mara tutangoja wiki nane."

"Mara ngapi?"

"Ngozi nyeusi tunaiendea polepole, nguvu kidogo, isije ikabaki na mabaka meupe au kovu nene. Nane. Pengine kumi."

Poda akahesabu kwa vidole chini ya mkoba. Mwezi wa nne ungeingia katikati ya kazi.

"Mbona herufi zimefifia hivi?" Daktari akauliza. "Kuna wino mwingine uliwekwa juu?"

"Hapana," Poda akasema. "Ni jua tu."

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo asiye mpambaji hawezi kulifanya. Mwaka ule mumewe alipofungwa, alijifungia mle chumbani, akachukua kimashine chake cha nyusi na wino wa rangi ya ngozi, akalifukia jina herufi kwa herufi, kwa usafi wa kazi yake. Lilififia, halikuondoka. Sasa angemwambiaje mtu kwamba fundi wa kuficha ameshindwa kuficha mkono wake? Bibi harusi gani angempa uso? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakuiona leza.

Daktari alianza na herufi ya kwanza peke yake, kwa majaribio. Alipaka krimu ya ganzi, akangoja, akatuvalisha miwani nzito. Mashine ikalia ta, ta, ta, kama mpira wa kufungia nywele ukichapwa kwenye ngozi. Poda aliniambia baadaye ni kama mafuta ya kukaangia yanakurukia, na huruhusiwi kuutoa mkono. Kwa kawaida ngozi hufanya weupe kama ukungu, kisha ukungu unatulia. Huu haukutulia. Ulipoondoka, herufi ilikuwa nyeusi kama mkaa, nyeusi kuliko siku ilipoandikwa.

Daktari akaizima mashine. "Niambie ukweli sasa, mwanangu."

Poda akasema, akiangalia ukutani.

"Wino wa rangi ya ngozi una unga mweupe ndani yake. Ukipigwa na mwanga huu unageuka mweusi. Ungenijibu nilipokuuliza, ningekuonya." Akavuta kiti. "Wino unaweza kutoka, lakini kwanza jina lote litarudi. Ukitaka tuache hapa, tuache."

"Tuendelee," Poda akasema.

Basi jina likafufuka. Herufi sita nyingine zilichomwa siku hiyo hiyo, zikasimama moja baada ya moja. Malengelenge yakaota, akaambiwa asiyatumbue. Jua asilione, na poda asiiweke juu mpaka ngozi ipone. Yeye, wa kuficha watu, akakaa wiki tatu na bandeji mbele ya wateja. Mmoja akamuuliza, "Umeungua na pasi, shoga?"

"Nimeungua na mume," akajibu. "Fumba macho nipake."

Wiki nane, akarudi. Wiki nane, akarudi. Mara ya tatu weusi haukusogea hata kidogo, na usiku ule hakula. Mara ya nne ukaanza kumeguka. Mara ya sita herufi zilibaki kama moshi juu ya ukuta, mahali pengine rangi ya majivu, mahali pengine ngozi imepauka. Mwezi wa nne ulikuwa umefika. Haikuwa imeisha, na Poda alijua haijaisha. Akaacha kufunga bandeji.

Dereva alikuja mle chumbani mwa kazi mchana, mteja ametoka. Amekonda, kichwa kimeingia mvi. Hakusalimia. Aliushika mkono wa kushoto, akaugeuza.

"Soma."

Poda akasema, "Soma wewe."

Akainama. Akauvuta mkono mpaka kwenye mwanga wa dirisha, akakunja macho kama mtu anayetafuta mwiba. Alipitisha kidole juu ya mabaka yale kutoka mwanzo mpaka mwisho, akarudi mwanzo tena. Midomo ikachezacheza. Jina lake mwenyewe, na hakuliona.

"Iliuma?" akauliza.

"Haikukufikia wewe kwa kuuma."

Dereva akaubana mkono. Nikaona vidole vyake vinafanya weupe, na hapo ndipo mimi nilipotokea. Nililifyeka pazia, nikamkamata kola kwa mkono mmoja, nikamwinua mpaka viatu vikaacha sakafu, nikamngurumia kwa sauti iliyokipasua kile kioo kirefu vipande…

"Mjomba." Kumbe Poda yupo nyuma yangu, anachungulia begani kwangu, anasoma ninayoandika. "Kioo si hicho hapo, kizima? Aliuachia mkono mwenyewe akaondoka, na wewe ulikuwa nyuma ya pazia umejifunika taulo langu. Halafu alivaa fulana. Hiyo kola uliipata wapi?"